Kwa Baba, Kuhusu Simu Zilizonyamaza Nkowe

Baba yangu,

Adhana ya alasiri imeisha sasa hivi hapa Nachingwea na nimebaki peke yangu ofisini. Nimejaribu kufanya kazi nimeshindwa. Kuna woga umenikaa kifuani, na kila nikitafuta mtu wa kumweleza naona mtu mwenyewe ni wewe.

Msimu huu tembo waliingia mashambani Nkowe mchana kweupe, Baba, na simu ambazo mimi ndiye niliyezifundisha kulia hazikulia.

Hujui habari za simu hizo, zilikuja baada yako. Ulipotutoka nilikuwa bado Dar es Salaam, nimetoka tu kumaliza chuo, na nilifika nyumbani umeshazikwa. Niliwakuta watu msibani wanasema jambo lilelile kwa namna nyingi. Kwamba jioni ya kabla ya siku ile, watu wa bondeni waliwaona tembo wakivuka. Wakaambiana wao kwa wao, wakafunga mbuzi, wakaingia ndani. Habari haikupanda kuja kwetu. Asubuhi ukachukua jembe ukaenda shambani kama siku zote, na tembo mmoja alikuwa bado amesimama njiani.

Sikumlaumu mtu. Nani angetoka na giza lile kugonga mlango wa kila nyumba? Lakini jambo hilo halikunitoka. Habari ilikuwepo, mtu wa kuileta ndiye hakuwepo.

Basi sikurudi Dar. Nilikutana na Yusufu, kijana wa Mnero aliyesoma mambo haya haya ya kompyuta, tukatengeneza programu ya simu tukaiita Wamefika. Ungeipenda, maana haina mambo mengi. Ukiwaona tembo unabonyeza kitufe kimoja chekundu, na simu za watu wote wa kijiji chako zinalia kwa sauti ya kukera, hata kama zimezimwa sauti. Wenye vitochi, zile simu ndogo za vibonyezo, wale waliokubali kutupa namba zao, wanapata ujumbe mfupi.

Wenye simu kubwa hatukuwauliza namba wala jina. Hilo liliamuliwa Nkowe penyewe, kwenye mkutano wa kwanza ofisi ya kijiji. Baba mdogo Issa alisimama akauliza, "Hizo namba zitakaa wapi? Maana majangili nao wanatafuta tembo. Wakijua mimi ndiye ninayejua tembo walipo, watakuja kwangu." Watu wakaitikia, na sisi tukaona ana haki. Ukichagua jina la kijiji chako, inatosha. Hatukujua wewe ni nani, na tulijisifu kwa kutojua.

Baba, unakumbuka dungu letu la kulindia shamba? Lile ulilolijenga mwaka ule mahindi yalipostawi, nguzo nne na sakafu ya mianzi, nikawa nang'ang'ania kupanda na wewe mpaka mama akachoka kukataa. Alfajiri moja ulinigusa bega nikaamka, ukaweka kidole mdomoni. Walikuwa wameingia. Nilisikia mabua yanavunjika, kisha pumzi, pumzi kubwa kama mtu anayesukuma gunia. Nilishika shati lako nikakunong'oneza, "Baba, unaogopa?"

"Sana," ukasema.

Sikuwahi kusikia mtu mzima akisema hivyo. Nikauliza mbona umetulia. Ukaniambia, "Nasikiliza, mama. Huyu anayevunja mahindi namjua yuko wapi. Yule niliyeacha kumsikia ndiye ananitoa jasho."

Uliniita mama siku zote kwa kuwa nina jina la mama yako. Hakuna anayeniita hivyo tena.

Maneno yako ya dunguni yalinirudia siku niliyokwenda kumwona shangazi Somoe. Ilikuwa katikati ya msimu wa korosho, mabibo yametapakaa chini ya kila mkorosho na harufu yake imejaa mpaka ndani ya nyumba. Unajua tembo wanavyoyapenda. Nilimkuta dada yako amekaa barazani, goti limefungwa kitambaa, limevimba kama boga.

"Shikamoo shangazi. Umefanyaje tena?"

"Marahaba. Kaa kwanza."

Nikakaa. Akaniambia alikuwa ameinama anaokota korosho, kikapu kiko pembeni. Akaona kitu cha kijivu upande wa kulia, akadhani ni shina. Akaokota, akaokota, kisha akakumbuka kwamba upande ule hakuna mti. Akanyanyua macho polepole. Tembo alikuwa anakula mabibo, masikio yanapepea, kama vile shangazi hayupo. Alirudi nyuma kwa makalio mpaka akatumbukia kwenye mtaro, goti likagonga jiwe, na akalala humo mdomo ameuziba kwa khanga mpaka mnyama alipoondoka.

"Jirani yangu alishawaona mapema," akasema. "Anaapa kwamba alibonyeza kitufe chako. Na mimi simu ilikuwa hapa." Akagonga kiunoni, pale anapofunga fundo la khanga. "Haikulia, Hadija."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Alinieleza tu kama mtu anavyokueleza kwamba mlango wako haufungi vizuri.

Niliichukua simu ile nikarudi nayo Nachingwea, yeye nikamwachia kitochi changu, ambacho namba yake imo kwenye orodha ya ujumbe wa Nkowe. Yusufu akafungua kompyuta. Ujumbe wa jirani ulikuwepo. Mbele yake kulikuwa na alama ya kijani kwa kila simu iliyoupokea, na ya shangazi, tuliyoitambua kwa kuwa simu yenyewe tulikuwa nayo mkononi, ilikuwamo. Kwa kompyuta yetu shangazi alikuwa ameonywa, na mambo yalikuwa salama.

"Labda hakusikia, dada," Yusufu akasema. "Ni mtu mzima."

"Shangazi anasikia kuku akikohoa nyumba ya tatu."

Tukaiweka simu mezani, tukaichomeka kwenye umeme, tukajitumia tahadhari ya majaribio. Ikalia. Tukarudia, ikalia. Tulijaribu mpaka fundi wa redio wa chumba cha pili akaja kutuuliza kama tuna ugomvi na mtu. Kila mara ililia vizuri, na kila ilipolia nilizidi kuogopa. Maana ingekataa mbele yetu tungejua pa kuanzia. Ilichofanya ni kufa mara moja, shambani, kwenye kiuno cha mwanamke aliyeinama karibu na tembo, kisha ikaamka kama haijafanya kitu.

Ndipo tulipoamua kuiwekea programu kitu ambacho haikuwa nacho. Nitakueleza kama nilivyomweleza mama. Programu ya simu ikipata jambo isiloliweza, inajizima yenyewe ghafla. Mwenye simu anaweza asijue, na sisi tulioitengeneza hatujui kabisa. Sasa unaifundisha kwamba, inapofanya kazi, iwe inaandika hatua zake moja moja mahali ndani ya simu. Nimepokea ujumbe. Nimeamsha kioo. Nimeita kengele. Watu wa kazi yetu wanaziita logi. Na inapokufa, hatua zake za mwisho zikusanywe ziwe ripoti, na ripoti ije kwetu mara simu inapopata mtandao.

Yusufu alikuwa mzito. Nilidhani anaogopa kazi, kumbe sivyo.

"Zikija nyingi je?" akaniuliza.

"Basi zilikuwepo nyingi hata kabla."

"Najua. Ila kabla nilikuwa nalala."

Tulibishana zaidi juu ya kitu gani kiandikwe. Kuna vitu vya namna hiyo vilivyokwisha kutengenezwa na watu wa mbali, unavichukua unavipachika, navyo huchota kila wanachokikuta: mahali simu ilipo, namba, mpaka maneno mtu aliyoandika. Nilimkumbuka baba mdogo Issa na majangili wake. Tukakata kila kitu tukabakiza aina ya simu, hali ya betri, kijiji, na hatua za programu. Ripoti ingetuambia simu imekufaje. Isingetuambia ni ya nani. Kwa ahadi tuliyowapa watu, hatukuwa na ruhusa ya zaidi ya hapo.

Ili kuijaribu ilibidi tuiue kwa makusudi. Yusufu aliweka kitufe cha siri, kazi yake ni kuiangusha programu. Nikakibonyeza. Kioo kikaganda, kikarudi mwanzo, kimya. Tukageukia kompyuta. Baada ya muda mfupi ripoti ikatokea, mistari michache inayoshuka: nimepokea, nimeamsha, nimeita. Kisha hakuna.

Yusufu akapiga makofi. Mimi nikatoka nje.

Sijawahi kukwambia hili, na ningekwambiaje. Siku ya pili ya msiba wako, baba mdogo Issa alikwenda kwenye ile njia na wanaume wawili, wakasoma ardhi. Aliporudi akataka kutueleza. Alianza, "Hapa alikuwa anatembea kawaida. Hapa amesimama, visigino vimezama. Hapa amerudi nyuma hatua kubwa, jembe ameliangusha..." Mama alikuwa anasikiliza, ameinamisha kichwa. Mimi niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba nikaziba masikio kwa viganja viwili, nikawa nahesabu kwa sauti ili nisisikie hata neno. Mpaka leo sijui hatua yako ya mwisho ilikuwa ipi. Na sasa nilikuwa nimekaa Nachingwea natengeneza kitu ambacho kazi yake ni kuniletea hatua za mwisho.

Yusufu alinifuata, akasimama pembeni. Halafu tukarudi ndani tukaendelea.

Tuliisambaza programu mpya kupitia kwa vijana wa vijiweni na kwa walimu, kila mtu akiombwa aisasishe anapopata mtandao mzuri. Kisha tukasubiri. Siku zikapita bila ripoti hata moja. Yusufu akaanza kuimba imba akifanya kazi. Mimi nilikuwa kama tuko dunguni na mahindi yameacha kuvunjika.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshakuwa kali. Tulikuwa tunakunywa chai. Kompyuta ikatoa kile kisauti kidogo tulichokiwekea ripoti, na Yusufu akasema, "Imekuja ya kwanza," akaisogelea kwa hamu kabisa. Simu ya aina ileile ya shangazi. Kijiji, Nkowe. Kioo kimezimwa, betri inabanwa. Nimepokea, nimeamsha, nimeita, basi.

"Tumeipata," akasema. "Angalia, dada. Simu za aina hii zinabana matumizi ya betri. Zikiwa kwenye umeme hazibani, ndiyo maana hapa ililia. Zikiwa mfukoni, programu inaomba kupiga kengele, simu inakataa, na sisi hatukuifundisha kukataliwa. Inajifia."

Alikuwa bado anacheka ripoti ya pili ilipoingia. Kisha ya tatu. Kisha zikawa zinaingia kabla hatujasoma zilizotangulia, zote Nkowe, zote simu zilezile, zile zilizojaa sokoni Nachingwea msimu uliopita na kila mtu akanunua.

Yusufu akaacha kucheka. Sote wawili tulielewa kwa wakati mmoja. Programu ile haiiti kengele bila sababu. Kama simu za Nkowe zinakufa zikiita kengele, basi kuna mtu Nkowe amebonyeza kitufe chekundu. Tembo walikuwa mashambani saa ile ile, na kila ripoti iliyoingia ilikuwa mtu mmoja ameinama chini ya mkorosho wake, simu imenyamaza kiunoni, hajui.

Na hatukujua ni nani. Tulikuwa na aina ya simu. Tulikuwa na kiasi cha betri. Tulijua kwa usahihi kabisa jinsi kila onyo lilivyokufa, na hatukuwa na namba hata moja ya wenye simu hizo ya kupiga.

Kisha nikakumbuka kwamba simu ya shangazi niliinunua pamoja na nyingine kama hiyo, ya mama.

Nikapiga. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Unajua mama asivyokosa kupokea, hata akiwa anasonga ugali atapokea kwa kiwiko. Ikaita mpaka ikakata.

"Mpigie shangazi yako," Yusufu akasema. "Ana kitochi, amepata ujumbe." Mwenyewe alikuwa ameshashika simu anawapigia bodaboda wa pale Nkowe anaowafahamu, anawaambia wapite njia za mashambani wakipiga honi, wasiingie ndani, wapige honi tu na kuwaita watu watoke.

Shangazi akapokea. Hakuningoja nisalimie. Akasema yeye, "Ujumbe nimeuona, niko ndani."

"Shangazi, simu za wengine hazilii. Hawajui. Na mama hapokei."

Kisha nikamsikia anaguna, anasimama kwa goti lile. "Msikiti si mbali," akasema, akakata.

Alikwenda, Baba. Alichechemea mpaka msikitini, akampata muadhini anafagia, akamwambia washa kipaza sauti. Waliosikia wananisimulia kwamba kwanza walidhani kuna mtu amekufa, kwa kuwa haikuwa saa ya swala. Sauti ikasema tembo wako mashambani, kila mtu atoke aelekee barabarani, na simu zisisubiriwe. Hayo ya simu yalikuwa ya shangazi, alimwelekeza muadhini ayarudie.

Mimi wakati huo nilikuwa nyuma ya bodaboda. Yusufu alibaki na kompyuta, mimi sikuweza. Sikumbuki njia. Nakumbuka vumbi mdomoni, na kwamba nilikuwa nampigia mama kwa mkono mmoja na mwingine nimemshika dereva shati, na yule dereva, kijana wa watu, hakuniambia nimwachie. Kila ilipoita bila kupokelewa nilimwona amelala kwenye njia ileile yako. Nilikuwa nimeshaanza kusikia sauti ya baba mdogo Issa. Hapa alikuwa anatembea kawaida. Hapa amesimama.

Nilipofika barabarani Nkowe watu walikuwa wamejaa, wengine na vikapu, wengine na jembe, mama mmoja na sufuria ya maharage. Nilipita katikati yao naangalia nyuso. Nikamuuliza baba mdogo, naye akasema hajamwona. Nikaanza kuelekea njia ya shambani, akanishika mkono. Nikamvuta. Hakuniachia, akanishika kwa mikono miwili kama nilipokuwa mdogo.

"Huendi," akasema. "Tulimpoteza mmoja kwenye njia hiyo."

Mama alitokea upande wa pili. Alikuwa kwa jirani anasaidia kumenya mihogo, simu ameiacha nyumbani juu ya kitanda. Akanikuta nalia mbele ya watu, akaniuliza nani amefariki.

Hakufa mtu siku ile. Mzee mmoja alianguka akikimbia, akateguka mkono. Tembo walipita shamba letu wakavunja mikorosho ya pembeni, kisha askari wa wanyamapori wakaja wakawarudisha porini. Jioni watu walirudi makwao wakicheka, wakihadithiana nani alikimbiaje. Mimi sikuweza kucheka. Niliichukua simu ya mama pale kitandani. Ilikuwa imejaa namba yangu, mstari kwa mstari, lakini tahadhari hakuna. Ilikuwa imekufa kama wenzake, na ripoti yake ilikuwa mojawapo ya zile nilizoziona zikiingia nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Tuliirekebisha kesho yake. Ilikuwa kazi ndogo, na udogo wake unanitisha mpaka sasa. Tuliifundisha programu kwamba simu ikikataa kengele, isife. Ipige kama inavyopiga simu ya kawaida inapoingia. Tukazungukia nyumba za Nkowe tukaijaribu simu moja moja, ikiwa kiunoni, kioo kimezimwa.

Halafu tukaitisha mkutano ofisi ya kijiji. Nilisimama nikawaeleza yote, hata kwamba nilikuwa naziona simu zao zikifa nisijue ni za nani. Nikawaambia kwamba anayetaka anaweza sasa kuruhusu ripoti ije na namba yake, ili simu yake ikishindwa tumpigie sisi. Asiyetaka, abaki kama zamani. Baba mdogo Issa akauliza swali lake lilelile la majangili. Nikamjibu kwamba namba itakuja tu pale programu inapokufa, na itafutwa tukishampigia, lakini siwezi kumwapia kwamba hakuna mtu duniani atakayeweza kuiiba. Watu wakanung'unika. Mwanamke mmoja akasema hataki mumewe aone anapigiwa na Yusufu, watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anatania, na hakuandikisha.

Mama alikuwa amekaa mbele. Akanyoosha simu yake.

"Ya kwangu weka," akasema. Kisha akauliza, "Kwa hiyo sasa italia?"

"Italia, mama. Na ikishindwa nitajua."

"Utajua baada."

Aliniangalia kidogo, akaona nilivyokuwa, akageukia watu wengine akawaambia waje waandikishe, jua linazama.

Utajua baada. Hiyo ndiyo kazi yangu, Baba, na hakuna maneno ya chuoni yaliyoieleza kwa ukweli huo. Ripoti haizuii kitu. Inafika ikiwa imechelewa siku zote, na mimi nagombania kile kidogo kilichobaki kati ya simu kufa na mtu kunyanyua macho. Siku hizi naogopa kisauti kile cha kompyuta, na naogopa zaidi kisiposikika. Kuna simu zisizo na mtandao. Kuna zinazokufa kabla hata ya kuandika hatua moja. Yusufu amerudi kulala, mimi bado.

Leo asubuhi kisauti kimesikika. Aina nyingine ya simu, tatizo jingine ambalo hatujalielewa, kijiji Nkowe. Safari hii chini ya hatua zake kulikuwa na namba. Nikapiga. Ilipokelewa na mwanaume, nyuma yake nasikia korosho zinadondokea ndoo.

"Baba, toka shambani," nikamwambia. "Wamefika."

Hakuuliza. Nilimsikia anamwita mkewe, anaita watoto kwa majina, nyayo, pumzi, kisha ikakatika. Nikabaki na simu mkononi. Yusufu alinisogezea kiti nikakataa kukaa. Sijui ulipita muda gani. Sikuthubutu kumpigia, nilifikiri mlio unaweza kumwita mnyama.

Akapiga yeye.

"Tumetoka," akasema, bado anahema. "Wote tuko barabarani. Wamepita pale pale tulipokuwa. Wewe nani?"

"Binti wa marehemu Mohamedi Chilumba."

Nikasikia mkewe anamuuliza ni nani huyo, naye hakumjibu. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini:

"Nilimjua. Nilikuwa mmoja wa waliombeba."

Alisema asante, na mimi nikasema asante.

Sasa nimeshakwambia, nimepata nafuu kidogo. Yusufu ametoka kuswali, namsikia mlangoni anavua viatu, na ripoti ya leo bado inatusubiri tuielewe. Mungu akupanulie ulipo, Baba, na akupe utulivu ambao sisi huku hatuna. Nikija Nkowe nitapita kukusalimia kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote.

Ni mimi binti yako, uliyekuwa ukimwita mama,

Hadija